Shaka ya Mwandishi na Mazoea ya Mtindo katika Riwaya ya Kiswahili: Kezilahabi, Walibora na Said Ahmed Mohamed

Ikisiri

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuyaeleza mazoea ya mtindo ya mwandishi kwa kurejelea kipawa chake, itikadi yake au mahali alikotoka. Makala haya yanapendekeza maelezo ya namna nyingine. Yanadai kwamba baadhi ya mazoea hayo ni majibu ya shaka ambayo historia ya usanifishaji wa Kiswahili na mfumo wa mitihani ya fasihi umeijenga ndani ya kazi yenyewe ya uandishi: shaka kuhusu nani ana haki ya kukiandika Kiswahili, na nani ana haki ya kukisahihisha. Kwa kuzisoma riwaya za Euphrase Kezilahabi, Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed, makala yanaonesha njia tatu za kuijibu shaka hiyo: kuivua lugha mapambo, kuipamba, na kuivunja kaida ambayo mwandishi tayari anaimudu. Hoja kuu ni kwamba mwandishi hafikii kujiamini kwa kuacha mazoea yake, bali kwa kubadilisha mtu ambaye mazoea hayo yanamjibu. Makala yanahitimisha kwa kujadili wajibu wa mhakiki katika jambo hili.

Maneno makuu: riwaya ya Kiswahili, mtindo, shaka, usanifishaji, msimulizi, uhakiki

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa bunilizi anapoketi na mswada wake hukabiliwa na maswali ambayo msomaji hayaoni katika kitabu kilichochapishwa. Je, hadithi hii inastahili kusimuliwa? Je, sentensi hii ni yangu au nimeiazima? Je, msomaji ataelewa nikiishia hapa, au niongeze maelezo? Maswali haya ni ya waandishi wote duniani. Hata hivyo, mwandishi wa riwaya ya Kiswahili amerithi swali moja zaidi, nalo huyatangulia hayo mengine: je, Kiswahili changu ni Kiswahili?

Makala haya hayakusudii kuingia katika nafsi za waandishi. Mhakiki hana njia ya kujua mwandishi fulani alihisi nini usiku alipokuwa akiandika sura fulani, na kulidai hilo ni kubuni. Kinachochunguzwa hapa ni shaka jinsi inavyojidhihirisha katika matini: mahali ambapo msimulizi anafafanua jambo lililokwisha kuonekana, anapoongeza methali baada ya tukio ambalo lilikwisha kujieleza, au anapomgeukia msomaji ili kumwongoza katika hukumu. Kwa mazoea ya mtindo tunamaanisha kaida za lugha na usimulizi ambazo mwandishi huzirudia hata pale tukio lisipozilazimisha. Kwa kujiamini tunamaanisha utayari wa matini kumwachia msomaji jambo bila kulitetea.

Ili kutofautisha mazoea yanayotokana na shaka na yale yanayotokana na mahitaji ya kazi, tunapendekeza kipimo rahisi cha kuondoa. Ikiwa sentensi au onyesho likiondolewa tukio linaporomoka, basi onyesho hilo ni sehemu ya mwili wa kazi. Ikiwa tukio linabaki zima na kinachopotea ni utetezi wake tu, basi tuna sababu ya kuuliza utetezi huo ulikuwa unamjibu nani. Kipimo hiki hakitoi hukumu ya ubora. Kinatusaidia tu kuliuliza swali mahali panapostahili.

2.0 Kutoka Kuomba Radhi hadi Kusahihishwa

Shaka ya mtunzi si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili. Katika utamaduni wa tenzi, ilikuwa kaida kwa mtunzi, aghalabu mwishoni mwa kazi, kujitambulisha, kukiri upungufu wake na kuwaomba wasomaji wenye elimu zaidi wamsahihishie makosa yake. Tamko hilo lilikuwa adabu, na kila msomaji alilijua hivyo. Mtunzi aliyeomba radhi alikuwa tayari amekwisha kutunga beti mia kadhaa kwa mizani na vina visivyoyumba. Kwa maneno mengine, shaka ilikuwa na mahali pake maalumu katika utungo. Ilipewa beti zake, ikasemwa, kisha ikafungwa. Haikuruhusiwa kutembea ndani ya masimulizi.

Riwaya ya Kiswahili ilizaliwa katika mazingira tofauti. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ambayo, pamoja na kazi nyingine, ilipitia miswada na kuidhinisha lugha ya vitabu vilivyokusudiwa kwa shule. Kamati hiyo ndiyo mzazi wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoasisiwa mwaka 1964. Mchango wake katika kuijenga lugha iliyovuka mipaka ya makabila na nchi haupingiki. Lakini kwa mwandishi wa bunilizi matokeo yake yalikuwa na upande wa pili. Msahihishaji ambaye mtunzi wa utenzi alimwalika kwa adabu sasa alikuwa na ofisi, na alisoma mswada kabla ya msomaji. Kuomba radhi kulikuwa kaida ya heshima. Kusahihishwa kukawa sharti la kuchapishwa.

Mabadiliko haya yaliathiri pia mahali shaka inapokaa. Mwandishi wa riwaya hana beti za mwisho za kuomba radhi. Shaka iliyokosa mahali pake rasmi ikahamia katika sentensi.

Inafaa tutahadhari hapa dhidi ya kuona shaka kila mahali. Msomaji anaweza kupinga kwamba msimulizi anayehutubu na kufunza ni urithi wa hadithi simulizi na wa fasihi ya adili, wala si dalili ya kutojiamini. Pingamizi hili ni la kweli, na Shaaban Robert ndiye shahidi wake mkubwa. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya uanasheria, naye anajitetea mbele ya mfalme na baraza kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa na nchi yao wakarudi na kuadhibiwa. Hotuba imejaa mafunzo, lakini ukitumia kipimo cha kuondoa, ukaziondoa hotuba za Karama, hakuna kinachobaki. Hotuba ndiyo tukio. Mtu anasema ili asife, na wanaomsikiliza wanabadilika kadiri anavyosema. Mafunzo ya Shaaban Robert, kwa hiyo, si utetezi ulioongezwa juu ya hadithi. Kifaa kilekile cha usimulizi kinaweza kuwa nguzo kwa mwandishi mmoja na mkongojo kwa mwingine. Ndiyo maana haitoshi kuvihesabu vifaa.

3.0 Njia ya Kuvua: Kezilahabi

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, mbali na pwani ambako lugha aliyoiandikia ina wenyewe. Alipochapisha Kichomi (1974), diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, alijikuta katikati ya mgogoro ambao hoja yake moja ilikuwa kwamba wanaoandika mashairi huru wanafanya hivyo kwa kuwa wameshindwa arudhi, na kwamba wanaishindwa kwa kuwa lugha si yao. Mgogoro huo umejadiliwa sana kuhusu ushairi. Jambo ambalo halijazingatiwa vya kutosha ni kwamba tuhuma hiyohiyo ililikabili pia umbo la nathari yake.

Mtindo wa nathari wa Kezilahabi tangu mwanzo ni wa sentensi fupi, msamiati wa kawaida, na tashbihi zinazotoka katika maisha ya kijiji cha ziwani. Haoneshi jitihada ya kufanana na mwandishi wa Unguja au Mombasa. Lakini katika riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), sentensi hizo fupi zina mwenzi asiyeziacha: msimulizi anayetoa hukumu. Rosa, binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, Zakaria, anafika shuleni na chuoni bila kujua namna ya kuutumia uhuru, anaharibikiwa, na mwishowe anajiua. Tukio hilo limeandaliwa kwa uangalifu kiasi kwamba msomaji anajua lawama inakoelekea. Hata hivyo riwaya haiishii hapo. Inatupeleka mbele ya Mungu, ambako baba na binti wanakabiliana na suala la nani wa kulaumiwa linajadiliwa waziwazi.

Tukitumia kipimo cha kuondoa, onyesho la mahakama ya mbinguni linaweza kuondolewa na kifo cha Rosa kikabaki na uzito wake wote. Kinachopotea ni kesi. Ni kweli kwamba onyesho hilo lina uhusiano na taswira za Kikatoliki ambazo jina la riwaya, mojawapo ya sifa za Bikira Maria, linaziibua, na mtu anaweza kulitetea kwa msingi huo. Lakini kama muundo, ni mahakama iliyowekwa baada ya hadithi kwa hofu kwamba msomaji asipokalishwa katika kiti cha hukumu atahukumu vibaya. Hofu hiyo haikuwa bure. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa madai ya kukiuka maadili. Mwandishi alikuwa amejitetea mapema, na utetezi wake haukumsaidia.

Katika Kichwamaji (1974) tunaona hatua ya kwanza ya mabadiliko. Kauli za hukumu hazikupungua, pengine zimeongezeka. Lakini sasa zinatoka kinywani mwa Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesimulia kwa nafsi ya kwanza. Kazimoto ana maoni juu ya kila kitu: wazazi wake, Mungu, wanawake, wasomi wenzake, kifo. Tofauti ni kwamba riwaya yenyewe inamtilia shaka. Maoni yake hayamwokoi. Dada yake anaangamia, mtoto wake anazaliwa akiwa na kasoro na kufa, naye anajiua. Kwa hiyo msomaji hawezi tena kuziokota kauli za msimulizi kama hukumu za mwandishi. Shaka haijaondoka, ila imehamishwa: ilikuwa ya mwandishi juu ya msomaji, sasa ni ya riwaya juu ya msimulizi wake. Huku ni kukomaa kwa kisanaa, na kumefanyika bila kuyaacha mazoea ya awali.

Baada ya Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), Kezilahabi hakuchapisha riwaya kwa miaka 11. Katika kipindi hicho alikamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi, na akachapisha diwani ya Karibu Ndani (1988). Aliporudi katika nathari na Nagona (1990), kisha Mzingile (1991), wasomaji wengi walidhani wamekutana na mwandishi mpya. Wahakiki wamezungumzia mengi kuhusu riwaya hizi: udhanifu, visasili, maongezi na wanafalsafa, kuvunjwa kwa muda na mahali. Mkazo umewekwa kwenye mpasuko kati ya Kezilahabi wa uhalisia na Kezilahabi wa baadaye.

Usomaji wetu unaonesha mwendelezo pale ambapo mpasuko umesisitizwa. Sentensi ya Nagona ni ileile sentensi fupi, kavu, yenye msamiati wa kawaida. Kilichobadilika ni kinachoifuata. Katika Rosa Mistika sentensi fupi inayosimulia tendo hufuatwa mara nyingi na sentensi inayolifafanua. Katika Nagona sentensi fupi hufuatwa na sentensi nyingine fupi, na baina yake pana pengo ambalo msomaji analazimika kulivuka mwenyewe. Mazoea ambayo wapinzani wake wangeweza kuyaita umaskini wa lugha yamekuwa ndiyo mbinu kuu ya kazi. Ugumu unaolalamikiwa na wasomaji wa Nagona hautokani na maneno, kwani maneno yake ni mepesi. Unatokana na msimulizi aliyeacha kujitetea.

4.0 Njia ya Kupamba: Walibora

Kezilahabi aliaga dunia Januari 2020. Miezi michache baadaye, Aprili mwaka huohuo, aliaga Ken Walibora, mwandishi ambaye kimtindo anaonekana kuwa kinyume chake kabisa. Kuwaweka pamoja kunatusaidia kuona kwamba shaka moja inaweza kuzaa mitindo miwili inayopingana.

Walibora alitoka magharibi mwa Kenya, eneo ambalo Kiswahili hujifunzwa pamoja na lugha nyingine za nyumbani na ambalo mwalimu wa insha ana nafasi kubwa katika malezi ya mwandishi. Katika shule za Kenya insha nzuri ya Kiswahili hupimwa kwa mengi, na utajiri wa methali, nahau na tashbihi ni mojawapo. Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema (1996), inaibeba shule hiyo waziwazi. Jina lake ni kipande cha methali. Mhusika wake mkuu na msimulizi, kijana aliyezaliwa Tanga anayesafiri hadi Kitale kumtafuta baba yake, anaitwa Kongowea Mswahili. Ana pia lakabu ya Msanifu Kombo, na umahiri wake wa Kiswahili ni sehemu ya utambulisho wake. Ni vigumu kupata katika fasihi yetu mhusika ambaye jina lake linabeba swali la uhalali wa lugha kwa uwazi zaidi. Mwandishi wa bara anamuumba msimulizi wa pwani aitwaye Mswahili, kisha anamleta bara. Hata lakabu hiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili. Kombo ni jina la kawaida la watu wa pwani, lakini pia ni neno la kitu kisichonyooka. Usanifu na upindo vimekaa katika jina moja.

Mazoea ya kuazima majina kutoka hazina ya semi yaliendelea katika Kufa Kuzikana (2003) na Kidagaa Kimemwozea (2012). Kezilahabi, kwa kulinganisha, alipendelea majina kama Kichwamaji, Nagona na Mzingile, ambayo msomaji hawezi kuyamalizia kwa kumbukumbu ya methali, ingawa Dunia Uwanja wa Fujo ni ubaguzi wa wazi. Jina lililoazimwa kutoka methali humhakikishia msomaji kwamba mwandishi anaijua hazina ya wote. Jina lisilo na methali humtaka msomaji asubiri.

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kupamba ni dalili ya udhaifu. Katika Siku Njema msimulizi ni kijana ambaye kila alipopoteza mtu au mahali, lugha ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Anaposema kwa mapambo, anaonesha alichonacho. Mapambo hayo yana kazi ya kuiumba nafsi yake, na yakiondolewa Kongowea anaondoka nayo. Swali linakuwa gumu zaidi pale mapambo yanapotumiwa na msimulizi asiye na sababu kama hiyo, mathalani msimulizi wa nafsi ya tatu anayeandamana na kila tukio kwa nahau. Hapo kipimo cha kuondoa hutoa jibu lisilompendeza mwandishi.

Na Walibora mwenyewe alilikabili swali hili ndani ya bunilizi. Katika Kidagaa Kimemwozea, kijana Amani anafika Sokomoko, na mojawapo ya mambo yanayomleta huko ni mswada wake wa riwaya ulioibwa. Aliyeuiba na kuuchapisha kwa jina lake ni Mwalimu Majisifu, mlevi na nduguye mtawala Mtemi Nasaba Bora. Zaidi ya hayo, riwaya iliyoibwa ina jina lilelile la kitabu tunachokisoma. Wahakiki wameisoma hadithi hii kama sehemu ya maudhui ya ufisadi: uongozi unapora ardhi, na usomi unapora maandishi. Usomaji huo ni sahihi, lakini kuna jambo jingine. Riwaya inatenganisha vitu viwili ambavyo hudhaniwa kuwa kimoja: umaarufu wa mwandishi na uwezo wake wa kuandika. Majisifu ana jina, heshima na mialiko, lakini kazi si yake na anajua si yake. Jina lake linaonesha hali ya kujiamini iliyojengwa juu ya sifa peke yake. Amani hana sifa yoyote, lakini anaijua kazi yake anapoiona. Kujiamini kwake ni uwezo wa kusema: hii niliiandika mimi.

Hapa Walibora anafika, kwa njia ya mapambo, mahali ambapo Kezilahabi alifika kwa njia ya kuvua. Anaifanya shaka kuwa mada ya kazi, badala ya kuiacha iendeshe sentensi zake kwa siri.

5.0 Shaka ya Mwenye Lugha: Said Ahmed Mohamed

Kufikia hapa mtu anaweza kudhani kwamba shaka tunayoizungumzia ni mzigo wa waandishi wa bara pekee, na kwamba aliyezaliwa na lugha hii hana haja nayo. Said Ahmed Mohamed anatupa sababu ya kulikataa wazo hilo. Alizaliwa Unguja mwaka 1947, na riwaya zake za awali, zikiwamo Asali Chungu (1977), Utengano (1980) na Dunia Mti Mkavu (1980), zilimthibitisha mapema kuwa mmoja wa mabingwa wa uhalisia wa Kiswahili. Katika Utengano, Maimuna, binti aliyefungiwa nyumbani na baba yake, Bwana Maksuudi, anatoka nje na kuanguka. Mfanano wake wa kimsingi na Rosa Mistika uko wazi, lakini lugha ya Said Ahmed Mohamed ina wepesi wa mtu asiyehitaji kuthibitisha chochote. Mazungumzo, matusi, mizaha na maelezo ya mitaa ya Unguja yanatiririka.

Kama ulimi wa kuzaliwa ungetosha kuondoa shaka, mwandishi huyu angeendelea kuandika Utengano nyingine maisha yake yote, na wasomaji wangeshukuru. Badala yake tunamkuta katika Babu Alipofufuka (2001) akiiacha barabara aliyoijua. Mhusika mkuu anaitwa K, herufi moja tu, na mzimu wa babu yake unamtembelea kumhoji. Mstari wa matukio unakatika, ndoto na kuwa macho vinachanganyika, na lugha iliyotiririka inasitasita.

Tunaisoma hatua hii kama shaka ya namna nyingine: shaka kama ufasaha wenyewe unatosha. Uhalisia wa miaka ya 1970 na 1980 uliamini kwamba jamii ikioneshwa wazi itaeleweka, na pengine itabadilika. K ni mtu wa tabaka lililonufaika na dola iliyofuata uhuru, na hali yake haifichiki. Kila mtu anaijua, naye pia anaijua, na kujua hakubadilishi kitu. Kwa mhusika wa aina hiyo, usimulizi unaotiririka ungekuwa sehemu ya starehe yake. Mwandishi alilazimika kuutilia shaka ustadi wake mwenyewe ili aweze kumsimulia.

Kwa hiyo Kezilahabi, Walibora na Said Ahmed Mohamed hawatofautiani kwa kuwa wawili wana shaka na mmoja hana. Wanatofautiana kwa kitu wanachokitilia shaka. Shaka ya wawili wa kwanza inaanzia kwenye haki ya kuitumia lugha. Shaka ya wa tatu inaanzia kwenye wepesi wa kuitumia. Katika hali zote tatu kazi muhimu zaidi zimetokea pale shaka ilipokubaliwa kuwa sehemu ya utunzi, na wala si pale ilipofichwa chini ya maelezo au mapambo.

6.0 Sehemu ya Mhakiki

Ikiwa shaka ya mwandishi wa Kiswahili imejengwa kwa sehemu na taasisi, basi sisi wahakiki, walimu na wahariri hatuwezi kujitoa katika hesabu hiyo. Riwaya ya Kiswahili ina soko dogo la wasomaji wa hiari na soko kubwa la vitabu vya lazima shuleni. Siku Njema, Utengano na Kidagaa Kimemwozea vyote vimewahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Mtihani humwomba mtahiniwa ataje muktadha wa dondoo, kisha abainishe tamathali za usemi na mbinu nyingine za lugha zilizotumika. Swali hilo ni halali kama zoezi. Lakini mwandishi anayejua kwamba kitabu chake kitasomwa kwa namna hiyo ana sababu nzuri ya kuweka vitu vinavyobainishika kwa urahisi. Methali inabainishika. Kimya hakibainishiki. Pengo baina ya sentensi mbili za Nagona halina jina katika orodha ya tamathali.

Tabia hiyo imepanda hadi chuo kikuu. Tasnifu nyingi za umahiri kuhusu mtindo hupangwa kwa sura za takriri, tashbihi, sitiari, methali na tanakali za sauti, kila moja na mifano yake, kana kwamba mtindo ni ghala na kazi ya mtafiti ni kuhesabu magunia. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kutofautisha hotuba za Karama na mahakama ya Rosa, kwa sababu kwa hesabu zote mbili ni hotuba. Hauwezi pia kueleza kwa nini sentensi fupi ya mwaka 1971 na ile ya mwaka 1990 hazifanyi kazi moja.

Lipo pia suala la lugha ya masahihisho. Mhariri anapokutana na sentensi isiyo ya kawaida katika mswada wa mwandishi chipukizi, huwa na maswali mawili ya kuuliza. La kwanza ni kama sentensi hiyo ni Kiswahili sanifu. La pili ni kama inafanya kazi inayotakiwa mahali ilipo. Swali la kwanza lina kamusi ya kulijibu, na kwa hiyo ndilo linaloulizwa zaidi. Mwandishi anayesahihishwa kwa swali la kwanza pekee hujifunza kuandika sentensi zisizoweza kusahihishwa, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuandika sentensi zinazostahili kusomwa. Hatudai kwamba usanifu hauna maana, wala kwamba kila kosa ni ubunifu. Tunadai kwamba mwandishi aliyefundishwa kumwogopa msahihishaji kuliko kumtamani msomaji ataendelea kumwandikia msahihishaji hata baada ya kitabu kuchapishwa.

Katika miaka ya karibuni Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imefungua mlango wa miswada ambayo haikukusudiwa darasa kwanza. Ni mapema kupima athari yake katika mtindo, lakini msomaji wa mwanzo anapobadilika, ni haki kutarajia kwamba sentensi nazo zitabadilika.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba mazoea ya mtindo katika riwaya ya Kiswahili yanaweza kusomwa kama majibu ya shaka yenye historia. Mtunzi wa utenzi aliipa shaka yake beti maalumu akaendelea na kazi. Mwandishi wa riwaya, aliyekutana na msahihishaji mwenye mamlaka badala ya msomaji aliyealikwa kwa adabu, aliibeba ndani ya usimulizi wake. Kezilahabi aliijibu kwa kuvua, Walibora kwa kupamba, na Said Ahmed Mohamed kwa kuuvunja ufasaha wake mwenyewe.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyefikia kujiamini kwa kuacha kuwa alivyokuwa. Kezilahabi alibaki na sentensi zake fupi, Walibora na semi zake. Said Ahmed Mohamed hakuisahau Unguja. Kilichobadilika ni mtu ambaye mazoea hayo yalikuwa yakimjibu. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba utafiti wa mtindo usiishie kuuliza mwandishi ametumia mbinu zipi na mara ngapi. Uulize pia, mbele ya kila mbinu inayojirudia, sentensi hii inamjibu nani. Mtafiti wa uzamili anayeanza na swali hilo atakuta kwamba sura yake ya tashbihi imepungua, na kwamba ana kazi ya kufanya mahali ambapo orodha zetu za kawaida zimenyamaza: katika maelezo yasiyohitajika, katika hukumu iliyotolewa mapema, na katika pengo ambalo mwandishi hatimaye alithubutu kuliacha wazi.